Mfuko Uliotiwa Mchele

Vijana wangu, toeni kwanza mikono mifukoni. Siwaambii hivyo kwa ajili ya adabu tu, ingawa adabu nayo haijafutwa. Nataka muiingize tena taratibu, mpaka chini kabisa, mpapase zile kona. Hapo mnapopapasa ndipo nilipoachia ujana wangu. Kola kila mtu huiona, pindo kila mtu huliona, lakini chini ya mfuko hakuna anayechungulia, na fundi mvivu hujificha humo. Nayajua hayo vizuri kwa sababu nilijificha humo siku nyingi.

Mimi ni Kasiani. Wenye umri wangu hapa Ifakara bado wananiita Fundi Mifuko, jina ambalo kwa miaka mingi nililipenda kuliko lile la ubatizo. Sasa nimeacha kazi, macho hayaoni tundu la sindano, na kijana yeyote anayejifunza cherehani akija kunisalimu lazima aniulize siri ya mifuko yangu. Nilikuwa nakohoa kidogo, natazama dari, kisha natoa maneno makubwa makubwa. Leo nimeamua kusema ukweli, maana sina tena wateja wa kuwaogopa.

Miaka ile ya hamsini nilikaa na cherehani ya mguu kwenye baraza ya duka moja la nguo, chini ya Fundi Athumani. Athumani alikuwa mtu wa Kilwa. Alikuja Ifakara kumtembelea dada yake aliyeolewa na mwenye duka, mafuriko yakafunga njia, akaazima sindano ili asikae bure, na hakuondoka tena. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akiwa amebana pini mdomoni. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka shule ya misheni, najua kusoma na kuandika, na nilidhani mtu anayejua kuandika hawezi kushindwa na suruali.

Suruali yangu ya kwanza ilikuwa ya karani wa ghala la mpunga, gabadini ya kijivu. Nilikata, nikashona, nikapiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikasimama yenyewe. Karani akaivaa nyuma ya pazia, akatoka akitafuta mifuko, na kadiri alivyoitafuta ndivyo alivyozidi kuzunguka pale barazani. Midomo ya mifuko ilikuwa inatazama nyuma. Nilikuwa nimegeuza vipande, cha mbele nikakifanya cha nyuma, na ili apate leso yake ilimbidi apeleke mikono yote miwili mgongoni.

"Fundi," karani aliniuliza, "hii ni suruali ya kuvaa ofisini au ya kukamatiwa?"

Athumani alitoa pini mdomoni, jambo lililonitia hofu kuliko kelele. Akamwambia karani kwamba atashonewa nyingine. Kisha akanigeukia. "Hii utaivaa wewe. Wiki nzima. Sokoni uende nayo, na kanisani kwenu uende nayo."

Nilikwenda nayo. Karani alikuwa mfupi kuliko mimi, kwa hiyo Ifakara nzima iliona vifundo vya miguu yangu pamoja na ile mifuko yangu inayotazama nilikotoka. Mama mmoja muuza vitumbua alinizunguka, akanisalimu mgongoni, akasema anasalimia upande wa mbele. Tangu wiki ile, kila kipande cha mfuko nilikichorea mshale wa chaki kuonyesha mbele ni wapi. Nanyi mchore, hata mkijiona mmeshajua.

Watu wa bonde hili walikuwa na mambo yao kuhusu mifuko, na fundi asiyewasikiliza alishona nguo za kutundikwa ukutani. Walimu walitaka mfuko wa kifuani wa kubandika, mpana, wa kalamu. Wakulima wa Mchombe waliokuja mjini baada ya mavuno walitaka mfuko wa nyuma wenye kifuniko na kifungo, kisha wakatembea siku nzima wamekishika kifungo chenyewe. Na kila mtu, hata asiyejua saa inasomwaje, alitaka mfuko mdogo wa saa chini ya mkanda. Humo waliweka ugoro, vidonge vya homa, na mvuvi mmoja aliweka ndoana. Alikaa chini mara moja tu.

Mvuvi huyo huyo ndiye aliyenitaka nimshonee shati lenye mfuko juu kabisa, karibu na bega, kwa sababu alikokuwa anatega nyavu maji yalimfika kifuani na tumbaku yake ilikuwa inalowa. Nilimpima akiwa amesimama, nikampandishia mfuko mpaka nikaridhika. Tumbaku haikulowa kamwe, ila kila alipotaka kuitoa ilimbidi atazame mbinguni na kumwomba mwenzake amshikie kasia. Alinishukuru, bwana, ndiyo adabu ya watu wa mtoni.

Sasa nisikilizeni kuhusu mfuko wa kupasua, maana huo ndio uliowafukuza wengi kazini. Mfuko wa kubandika ukikosea unaufumua. Mfuko wa kupasua unakutaka uchukue mkasi ukate kitambaa kizima cha mtu katikati, na kitambaa kikishakatwa hakiponi. Athumani alinifundisha hivi: ukishachora mstari, weka mkasi chini, inuka, izunguke meza, urudi utazame tena kama bado mstari uko pale pale. Ukikata, usifike mwisho. Karibu na kila kona acha mkasi ugawanyike uende njia mbili, utoke na pembe ndogo ya kitambaa. Pembe hiyo uikunje ndani uishone mara tatu, kwa sababu mkono wa mtu ukiingia mfukoni nguvu yote inaishia hapo.

Mimi kuzunguka meza niliona ni mambo ya wazee. Siku moja nikapasua mfuko wa kifuani wa koti la mtumishi wa hospitali upande wa kulia, mahali ambapo hakuna koti lenye mfuko duniani. Alipokuja nikamwambia nimeona anatumia mkono wa kushoto, ndiyo maana. Kweli alikuwa anatumia wa kushoto. Lakini mimi nililijua hilo dakika ile ile, aliponyoosha mkono kupokea koti.

Na jambo moja la siku hizi, kabla sijasahau. Mkinunua koti la mtumba mkakuta mifuko imefungwa mdomo, msiseme ni mifuko ya uongo. Fundi wa koti huifunga kwa bandi, yaani mishono mikubwa ya muda kwa uzi mweupe laini, ili mdomo usilegee wakati wa kupiga pasi. Bandi hushika kila kitu mpaka cherehani ipite, halafu huvutwa ikatoka. Tafuteni uzi huo, mkate, mvute. Mjukuu wangu amevaa koti miaka miwili akibeba simu mkononi kwa sababu hiyo.

Bandi ndiyo iliyotaka kuninyima mke.

Mke mwenyewe alikuwa Filomena, binti wa Mzee Severini wa Lupiro, ng'ambo ya mto. Alikuwa amekuja kukaa kwa shangazi yake Ifakara ili ajifunze kushona kwa masista wa misheni, na alikuja dukani kwetu kununua uzi. Mara ya kwanza alisimama kando ya cherehani yangu, akautazama mfuko niliokuwa nashona, akatikisa kichwa kidogo. Nilidhani amevutiwa. Akaja tena, na tena, mpaka Athumani akawa anaingia dukani mwenyewe kila akimwona, akitafuta pini ambazo zilikuwa mdomoni mwake. Tulielewana. Alipomaliza mafunzo akarudi kwao, akaniambia, "Tuma mtu nyumbani mapema. Kuna mwalimu wa Mahenge naye anaulizia, na baba anawapenda walimu."

Mtu wa kutuma alikuwa Mjomba Longino, kaka wa mama yangu, msomaji wa kanisani, mrefu, mwenye sauti ya kuaminika na ugonjwa mmoja tu: hajui kusema uongo hata kidogo. Lakini mjomba hakuwa na koti, na siku hizo mshenga asiye na koti alionekana kama ametumwa kuomba chumvi. Nikasema koti nitalishona mimi. Nilitaka Mzee Severini alione, aulize fundi ni nani, aambiwe.

Ilikuwa sufu ya bluu iliyokolea, na bitana yake nyeusi. Mfuko niliouhangaikia kuliko yote ulikuwa wa ndani, wa kushoto, ambamo barua ya posa ingekaa. Mfuko wa namna hiyo unaanzwa juu. Unashona mdomo kwanza, chini unapaacha wazi ili uweze kugeuza kitambaa. Ukimaliza mdomo unapashika chini kwa bandi, halafu ndipo unapitisha cherehani, mara mbili, unageuza kati ya mara ya kwanza na ya pili ili ncha zote zifichwe.

Mdomo ule ulinitoka vizuri kuliko wowote niliowahi kushona. Ulikuwa mwembamba, umenyooka, kona zimekaa. Nikamwita Athumani auone.

"Na chini?" aliniuliza.

"Chini tayari, fundi."

Nilisema tayari kwa sababu bandi ilikuwa imeshika na mimi nilitaka sifa za mdomo kwanza. Alinisifu. Alisema, "Mdomo mzuri," na kwa Athumani hayo yalikuwa mahubiri. Nilikwenda nyumbani nikielea. Kesho yake nikalisafisha koti, nikavuta uzi mweupe wa bandi kila nilipouona, mikononi, begani, mifukoni, chini ya mfuko wa ndani, nisiache hata mmoja, na nikajisifu kwa usafi wangu.

Mjomba aliondoka asubuhi na baiskeli. Nilimsindikiza mpaka mtoni, nikamtia barua mfukoni kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwona akilaza baiskeli kwenye mtumbwi na kuvuka. Siku ya pili adhuhuri nilikuwa pale pale ufukweni nikimngoja. Aliposhuka mtumbwini koti lilikuwa limekunjwa chini ya kwapa.

"Shikamoo mjomba. Vipi?"

"Marahaba. Kaa chini, Kasiani."

"Wamekataa?"

"Nimesema kaa chini." Mwenyewe alibaki amesimama. "Nimefika, nimepokewa vizuri, nimepewa kiti. Tumeulizana habari za mvua, za mpunga, za ndege waharibifu. Mzee Severini akasema, haya mgeni, tupe neno lako. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa barua. Mkono ukaingia. Ukazidi kuingia. Mwanangu, nilijishika mgongo wangu mwenyewe."

"Na barua?"

"Barua nilikuwa nimeikalia! Imepita chini ya mfuko, imezunguka ndani ya bitana mpaka nyuma kwenye pindo. Nikasimama, ikawa inalia kakara kakara. Mama mmoja mzee akadhani ni panya."

Nilitaka kuuliza jambo na sikutaka kulijua. "Hakuuliza nani ameshona?"

"Aliuliza."

"Ukasema nani?"

"Ungetaka niseme nani, Kasiani?" Mjomba alinitazama kwa huruma. "Nikasema, mwenyewe muoaji. Walicheka mpaka watoto wakaja kutazama. Yule mzee hakucheka. Amesema hivi, na nimekariri: barua sifungui. Mtu anayetaka kumweka binti yangu kwake, na hata karatasi haiwezi kukaa mfukoni mwake! Aje mwenyewe, na koti hilo hilo, akae hapa kwangu aushone huo mfuko mbele ya macho yangu. Halafu nitautia mchele. Ikidondoka punje moja, arudi kwao. Na aje Jumamosi, kwa sababu Jumapili namjibu mwalimu."

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Nilirudi barazani nikamweleza Athumani kila kitu, na hakucheka, jambo lililoniuma zaidi. Alinikatia kipande cha marekani mpya, kitambaa cha pamba cha ndani ya mifuko, akanipa sindano yake nzuri na subana yake ya kidole. "Shona mara mbili," alisema. Akafikiri. "Mara tatu." Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa, nikakusanya vitu vilivyokuwa mezani, chaki, mkasi, kidonge cha uzi, nikafunga kwenye leso.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Lupiro, nimekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya Mzee Severini, koti magotini. Alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa jembe. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, hatua mbili kutoka kwangu. Alinisalimu vizuri, akaitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Mimi sijawahi kuona mwanamume akifanya kazi amekaa. Haya, nionyeshe."

Nimeshona makoti ya watu wakubwa tangu siku ile, lakini sijawahi kuogopa namna ile. Nilijichoma vidole mpaka nikaona aibu kuhesabu. Uzi ulikataa tundu la sindano mara nne, na kila ulipokataa mzee aliguna. Filomena alipita na ndoo ya maji, akapita tena na ndoo tupu, akasimama kidogo nyuma ya bega langu, akaenda. Hakunitazama usoni. Nikajua ameshakata tamaa, nikaendelea kushona. Nilishona mara moja, nikageuza, nikashona mara ya pili. Mara ya tatu sikuifanya, kwa sababu mzee alikuwa ameinuka na mimi nilitaka yaishe.

"Tayari?"

"Tayari, mzee."

"Tule kwanza. Filomena! Lipeleke koti hili ndani, kuku wasilichafue."

Tulikula wali na samaki, mimi na yeye na kaka yake, nami sikujua samaki ana chumvi au hana. Tulipomaliza kunawa koti likaletwa. Mzee akaleta kibaba cha mchele, akakipangusa juu kwa kiganja kikawa sawasawa. "Mpunga una maganda, unakwama," alinifafanulia. "Mchele unateleza." Akaumimina wote kwenye mfuko wa ndani. Nilitegemea alitundike koti ukutani tulitazame. Badala yake alilivaa. Lilimfika magotini, maana lilikuwa la Mjomba Longino, na mfuko ukamvimba pembeni ya tumbo. Akapanda baiskeli akaondoka kwenda kumsalimu shemeji yake upande wa pili wa Lupiro, barabara ile mnaijua, mashimo tangu enzi hizo.

Alikawia mchana wote. Mimi nilibaki pale mkekani nikiitazama njia. Nilianza kuhesabu mashimo aliyokwisha kuyapita, nikaomba rozari, nikaacha katikati nikaanza tena. Kaka wa mzee alikaa nami kwa upole, akinieleza jinsi mwalimu wa Mahenge anavyojua kucheza kinanda.

Alasiri tukamwona anarudi, amekokota baiskeli. Na nyuma yake, vijana wangu, walikuwa kuku. Saba au wanane, wamepanga mstari, wanamfuata wakidonoa chini. Nilijua ni mchele wangu. Nilianza kukunja leso yangu. Nilikuwa tayari kuaga, na nakumbuka niliwaza jinsi nitakavyopita mtoni bila watu kuniuliza.

Mzee akafika, akalivua koti, akashika kibaba kwa mkono mmoja na kuupindua mfuko kwa mkono mwingine. Mchele ukatoka. Ukajaa, ukafika juu. Akaupangusa kwa kiganja kama alivyofanya mwanzo, na haikupungua hata punje ya kulisha sisimizi.

"Na kuku?" nilimwuliza.

"Kuku wangu hunifuata kila jioni. Ninawapa pumba." Kisha kwa mara ya kwanza akacheka. "Ulidhani nini wewe?"

Barua ikafunguliwa jioni ile. Tulifunga ndoa baada ya mavuno.

Mnaweza kuwaza jinsi nilivyolitumia jambo hilo. Mzee Severini mwenyewe alilitangaza, akiwaambia watu kwamba mkwe wake ameshona mfuko unaobeba kibaba cha mchele Lupiro nzima bila kuvuja. Watu wakavuka mto kuniletea vitambaa. Wakaja wa Chita, wakaja wa Mahenge, na mwalimu yule mpiga kinanda naye akaja, akataka suruali yenye mifuko minne. Hapo ndipo nikaitwa Fundi Mifuko. Kila kijana niliyemfundisha alikisikia kisa hiki, na kila nilipokisimulia mashimo ya barabara yaliongezeka. Filomena alikuwa anakaa pembeni anatia vifungo. Hakunikatiza hata mara moja.

Miaka mingi ikapita. Athumani alikuwa ameshafariki, nasi tulikuwa na watoto wanne, Mjomba Longino aliponiletea lile koti la bluu. Sufu ilikuwa nzima lakini bitana imechakaa, akataka niibadilishe. Nikakaa barazani nikaanza kuifumua, na nilipofika kwenye mfuko wa ndani nikapunguza mwendo, kwa sababu nilitaka niutazame mshono wangu kwa raha.

Mshono wangu haukuwapo. Kulikuwa na vipande vya uzi mweupe, kimoja hapa kingine pale, vimekatika vyote, na nilipokivuta kimoja kilitoka chenyewe kama nywele kwenye chakula. Nikaujua ule uzi. Ulikuwa uzi wa bandi. Siku ile nilipokusanya vitu mezani nimechanganyikiwa, kidonge nilichochukua ndicho hicho. Nilikwenda kuomba mke kwa uzi wa kuvutwa na kutupwa, mara ya pili, kwenye mfuko ule ule.

Lakini mfuko ulikuwa umefungwa. Juu kidogo ya vile vipande vyangu ulipita mshono mwingine, kwa uzi mweusi, mishono midogo sana ya mkono, kila mmoja umerudi nyuma kumshika mwenzake, kona kwa kona, safu mbili. Ndivyo masista wa misheni walivyofundisha.

Nikamwita. Filomena alikuja na unga mikononi, akatazama nilichokishika, akatabasamu kidogo.

"Wewe," nilimwambia.

"Mimi."

"Lini?"

"Mlipokuwa mnakula. Uzi wako niliuona nilipopita na maji, ulivyokuwa unalegea kwenye sindano. Nikasema huyu mtu jamani, amekuja na bandi tena."

"Mbona hukuniambia pale pale?"

"Mbele ya baba? Angekufukuza hata hujasimama." Akajifuta unga kwenye khanga. "Ulidhani jambo lile nitakuachia wewe peke yako, Kasiani? Ndoa ilikuwa yangu pia."

Nilihesabu kimyakimya watu wote niliowasimulia, na yeye pembeni akitia vifungo. Nikamwuliza kwa nini alininyamazia miaka yote hiyo, anasikia najisifu kwa kazi yake.

"Ningesema, ungeacha kusimulia," alisema. "Na mimi napenda sana pale kuku wanapotokea."

Akarudi jikoni. Vijana wangu, nililia pale kwenye kiti cha cherehani, mtu mzima mwenye jina lake, na mteja aliyefika nikamwambia ni vumbi la sufu. Bitana ya koti la mjomba niliibadilisha yote siku ile. Mfuko wa ndani sikuugusa.